Umeshusha Gari, Shokapu Ukaziacha: Dogo wa Kaole Kosa Lake Nini?

Wadau, leo naomba nitoe la moyoni, na najua kuna timu fulani watanijia juu. Waje tu.

Wengi mmeshaiona ile video. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, amesimama pembeni ya Crown yake nyeusi, miwani ya jua usiku wa saa nne, anatoa povu kwamba fundi mmoja wa Kaole kule Bagamoyo kamuulia gari. Kaonyesha shokapu ya mbele inavyovuja oili. Kaonyesha tairi lililoliwa upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia. Hapo sina neno, gari ni lake na uchungu ni wake. Kilichonikera ni kilichofuata: akaweka picha ya yule fundi, kijana wa watu na ovaroli lake, akawaambia mashabiki wake wakimwona wakimbie.

Mashabiki hawakukimbia, walimfuata. Namba yake ya simu ikaanikwa, akatukanwa yeye, akatukanwa mama yake, na ndani ya wiki moja wateja waliokuwa wamempa miadi ya kuleta magari wote wakapata misiba na safari za ghafla. Bagamoyo ni mji mdogo, jamani. Ukichafuliwa Jumatatu, Ijumaa msikitini watu wanakuangalia.

Basi mimi nikafunga safari. Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo ni kilomita kama 60, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, unahesabu matuta mpaka unachoka, halafu unakata kuelekea Kaole. Na nisieleweke vibaya: nasema Kaole yenyewe, kijiji chenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, mibuyu na mikoko, siyo lile kundi la maigizo la Kaole lililotuletea mastaa wa Bongo Muvi enzi zile tunakaa sebuleni kwa jirani kuangalia ITV. Watalii wanakuja kuangalia makaburi ya kale. Mimi nilienda kuangalia shokapu.

Nikamkuta dogo amekaa chini ya mwembe, jeki zake mbili, spana zimepangwa kwenye gunia, hana gari hata moja. Alidhani nimekuja kumrekodi. Nikamwambia zima presha mdogo wangu, nipe stori tu.

Stori yenyewe hii hapa, na sehemu kubwa ina ushahidi, kwa sababu dogo bado anazo zile meseji za sauti za WhatsApp na nimezisikiliza kwa masikio yangu. Staa alikuja na springi fupi kaagiza mwenyewe mtandaoni, za kushusha gari sentimita 4. Alikuja pia na rimu mpya za inchi 19, ambazo kwa kweli ni nzuri, tusiwe wachoyo. Shokapu? Zile zile zilizokuja na gari kutoka Japani, zimeshakula kilomita zao za kule na za huku. Dogo akamwambia, braza, springi hizi zinataka shokapu zake, hizi ulizonazo hazitaweza. Jibu la staa kwenye sauti, namnukuu: "Shokapu si zipo? Zina kosa gani? Wewe funga dogo, mimi nina shoo Jumamosi."

Hapo ndipo mimi na staa tunapoachana.

Ngoja niwaeleze kwa lugha ya mtaani, kwa sababu nimeona mashabiki wanabishana kwa matusi bila kujua shokapu inafanya kazi gani. Watu wengi wanadhani shokapu ndiyo inabeba gari. Siyo. Anayebeba ni springi. Springi ikikandamizwa inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, inashuka tena, inapanda tena, na ukiiachia hivyo gari litacheza vanga hadi Msata. Shokapu ndiyo mtu mzima wa pale nyumbani, anayemshika springi mkono na kumwambia tulia. Ndani yake kuna shafti yenye pistoni, pistoni inasukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ule ugumu wa oili kupita ndio unaomaliza nguvu ya mtikisiko. Nguvu inageuka kuwa joto. Ndiyo maana ukitoka kwenye rafu rodi ndefu ukaigusa shokapu, inakuwa ya moto.

Sasa umeleta springi fupi. Tuseme, kwa mfano tu, gurudumu lako lilikuwa na sentimita 8 za kupanda juu kabla halijagonga ule mpira wa kwenye shafti, ambao mafundi wengine wanauita stopa. Umeshusha 4, zimebaki 4. Shimo ni lile lile, tuta ni lile lile, ila nafasi ya kulimeza imebaki nusu. Kwa sababu hiyo, watengenezaji wa springi fupi za maana wanazifanya ngumu kuliko za kiwandani, ili gari lisimame kabla halijagonga. Na springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi. Ile shokapu ya zamani ilipimwa kwa springi laini, kwa hiyo springi mpya ikijirusha, shokapu inavutwa kama mtoto anayeongozwa na mbwa. Juu ya hapo, pistoni sasa inaishi chini kuliko ilipozoea, inafanyia kazi sehemu ya bomba ambayo haikuwa maskani yake, na kila tuta inakaribia kugonga kitako.

Shokapu nzima inaweza kuvumilia hayo kwa muda fulani. Shokapu iliyozeeka inakufa. Haihitaji uchawi wa Bagamoyo hapo.

Ilikufa baada ya wiki tatu. Gari likaanza kugonga kwa mbele, ngo ngo ngo, kila likivuka tuta. Staa akatuma sauti nyingine, na hii ndiyo inayomtia hatiani kuliko zote: akamwambia dogo atoe hiyo mipira, ndiyo inayogonga. Dogo akaitoa.

Nimesema nitasema ukweli, basi na hapa niuseme. Dogo alikosea. Na alikosea vibaya. Ule mpira haugongi kwa sababu una tabia mbaya, unagonga kwa sababu umefikiwa. Ukiutoa, kinachofuata kugonga ni chuma kwa chuma ndani ya shokapu, pistoni inapiga chini, vali zinavunjika, sili inapasuka. Kuna watengenezaji wa springi fupi wanaoruhusu mpira ukatwe kidogo, na wanaandika kwenye karatasi ukatwe kiasi gani. Kuutoa wote hakuna anayeruhusu. Nilimuuliza dogo kwa nini ulikubali. Akaangalia chini, akasema, "Braza, yule ni staa. Nilidhani akinipost nitapata wateja."

Kampost kweli.

Kwa kuwa mimi siyo fundi, nilienda kwa mtu anayejua. Pale mjini Bagamoyo kuna fundi mkongwe, mzee ambaye ameshika spana tangu enzi za Peugeot 504, ndiye aliyemfundisha dogo kazi. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba, umekuja kwa habari za yule mtoto? Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na shokapu mbili zimefungwa kwenye gazeti, akaziweka mezani kama hakimu anayeleta kidhibiti.

Hizi hazikuwa zile za kwanza. Maana baada ya kugonga kuzidi, staa alinunua shokapu "mpya" kwa mshkaji wake mmoja, bei ya kutupwa. Sanduku lina jina la Kijapani ambalo sote tunalijua, ila herufi moja imekosewa. Staa hakuiona, dogo hakuiona, mzee aliiona kabla hajavaa miwani. Akaisimamisha shokapu wima, akaikandamiza kwa kiganja mpaka chini, akaachia. Shokapu yenye gesi ukiifanya hivyo inapanda yenyewe polepole. Hii ililala kama mtu aliyeshiba futari. Akaivuta juu kwa mkono, sentimita mbili tatu za mwanzo hakuna kitu, hewa tupu, halafu ndiyo ikashika. Akanionyesha shafti: kwa muda mfupi ule tayari ina vidoa vya kutu. "Hii kromu ni ya kupaka," akasema. "Upepo wa bahari hapa unakula hata geti. Shafti ikishapata vipele, kila ikipanda na kushuka inakata sili. Oili inatoka. Mnasema fundi kaharibu."

Lakini nilichokipenda kwa yule mzee ni kwamba hakumtetea mwanafunzi wake kwa upofu. Alisema yeye asingeligusa lile gari. Angempa staa ufunguo wake na maji ya kunywa. Na akanionyesha kosa la pili la dogo, ambalo kwa kweli mafundi wetu wengi wa chini ya mwembe wanalifanya kila siku: alikaza bolti za bushi za wishboni gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi ni mpira, ukiikaza miguu ikiwa imening'inia, gari likishuka chini ile bushi inabaki imejikunja, imesokotwa muda wote, na kwa gari lililoshushwa inasokotwa zaidi. Haichukui muda inachanika. Dawa yake ni ndogo tu: unaziacha bolti zikiwa zimeshika kidogo, unateremsha gari likae kwa uzito wake, unaingia chini kama una shimo au ubao wa kupandia, ndipo unakaza ya mwisho. Hela haiongezeki hata mia.

Tairi kuliwa kwa ndani nayo ina hadithi yake. Ukishusha gari, pembe za miguu zote zinahama. Matairi ya juu yanalala kwa ndani, na mbaya zaidi ule mwelekeo wa mbele unafunguka au unafunga, tairi linaburuzwa badala ya kubingirika. Lazima alaimenti, siku hiyo hiyo, siyo mwezi ujao. Kaole hakuna mashine ya alaimenti. Dogo alimwambia staa akifika Dar apitie kupima, sauti ipo, tarehe ipo. Staa alipitia saluni.

Haya, sasa niwape kipande ambacho hakipo kwenye video na ndicho kilichonifanya niandike.

Kuna binti mmoja dansa, naye jina kapuni, alikuwa siti ya nyuma Jumapili ile wanarudi Dar kutoka kula bata Bagamoyo. Watu wanne ndani, spika kwenye buti, na mananasi ya Kiwangwa maana hakuna anayerudi mikono mitupu. Baada ya Kerege staa akalivaa tuta akiwa na mwendo. Binti anasema gari liligonga chini, likarushwa juu, na kabla halijatulia likakutana na bonde la pili la lami, nyuma ikahama yote kwenda pembeni. Pembeni kulikuwa na bodaboda na mama aliyebeba mtoto mgongoni. Bodaboda aliingia majanini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah. Mama alisimama, akajipangusa, akaangalia Crown ikipotea.

Hawakusimama. Usiku ule ndiyo ikarekodiwa video, na ndani ya ile video mmesikia rimu, mmesikia hela, mmesikia "brand yangu". Yule mama hamkumsikia.

Ndiyo maana nasema tusilifanye hili kuwa ugomvi wa staa na fundi wa kijijini. Shokapu iliyokufa siyo suala la kukaa vizuri kwenye siti. Kazi yake ya kwanza ni kulibakiza tairi kwenye lami. Tairi likiwa hewani breki haipo, usukani haupo, mna rimu nzuri tu angani.

Na mimi siyo adui wa magari yaliyoshushwa. Napenda, sana tu. Crown iliyokaa chini vizuri, imejaza fenda, inateremka taratibu pale Coco Beach jioni, hata kama una roho ngumu utageuka. Wanaosema kushusha gari ni ushamba kwa barabara zetu nawaelewa ila sikubaliani nao moja kwa moja. Barabara ya Bagamoyo ni lami, mtu akiwa na akili anavuka matuta yake vizuri tu. Tatizo siyo kushusha. Tatizo ni bajeti inayofuata kamera. Rimu inapigwa picha, springi matokeo yake yanapigwa picha, shokapu haipigwi picha. Imejificha kule ndani na matope yake. Kwa hiyo mastaa wetu, na watoto wa mjini wanaowaiga, wanamalizia hela kwenye vinavyoonekana, na kwenye shokapu wanatafuta mshkaji wa bei ya kutupwa.

Mimi ushauri wangu ni wa kinyume kabisa: anza kununua shokapu, springi zitafuata. Kama hela ya shokapu nne huna, hela ya kushusha gari huna, kaa juu kama sisi wengine mpaka upate.

Nilimuuliza mzee, basi mtu akiwa na hela anunue nini. Alianza kwa kuniuliza gari gani. Nikasema Crown. Akasema Crown ipi? Kwa mfano GRS180 na GRS181, mwili ule ule, injini ya lita 2.5, lakini moja inavuta matairi ya nyuma na nyingine inavuta yote manne, na shokapu za mbele haziingiliani. Kwa hiyo ukienda Ilala au Gerezani usiseme "nataka za Crown", nenda na namba ya chesisi iliyoandikwa kwenye kibao cha gari. Muuzaji ambaye hakuulizi namba, muage.

Halafu inategemea unashuka kiasi gani. Kama ni kidogo, sentimita 2 hivi, shokapu mpya halisi ya urefu wa kawaida lakini iliyo ngumu kidogo kuliko ya kiwandani inaweza kukufaa. KYB wana aina inaitwa New SR Special ambayo vijana wanaifunga sana na springi fupi, na wanayo pia seti ya Lowfer Sports ambapo shokapu na springi vimetengenezwa kwa ajili ya kuoana, hakuna kubahatisha. Ukishuka zaidi ya hapo unatakiwa shokapu yenye mwili au shafti fupi, iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa. Bilstein wametenganisha kabisa: B6 ni ya gari la urefu wa kawaida, B8 ni fupi, ya gari lenye springi za kushusha. Watu wananunua B6 kwa sababu imetajwa sana, wanaifunga kwenye springi fupi, halafu wanalia. Sikiliza namba, usisikilize jina.

Kuna wanaoruka hatua zote hizo na kuchukua koiliova, ile shokapu na springi zimekuja pamoja na unapandisha na kushusha kwa kuzungusha nati. Tamu sana, kwa sababu ukiwa na safari ya shamba unanyanyua kidogo. Lakini nyingi tunazoziona hapa mjini ni za mtumba kutoka Japani, zimeng'olewa kwenye gari la mtu aliyekuwa anazikimbiza milimani. Ukinunua hizo angalia shafti kwa jua siyo kwa taa ya duka, pitisha ukucha, ukisikia kikwaruzo acha. Angalia kama nati zinazunguka au zimeshaganda kwa kutu. Na kwa sisi watu wa pwani, kuanzia Bagamoyo mpaka Dar, kava la vumbi la kwenye shafti siyo pambo. Likichanika, chumvi na mchanga vinaingia, miezi michache tu unaanza upya.

Zile springi za kukatwa kwa grinda sitaki hata kuzijadili kwa urefu. Kuna mtu bado anakata springi mwaka huu? Inapoteza mkao wake kwenye kikombe, gurudumu likining'inia springi inalegea na inaweza kuhama, na wale wanaoichoma moto ili ijishushe yenyewe wanaua chuma chote. Tuishie hapo.

Kwenye kufunga mzee alisisitiza mambo ambayo yanaonekana madogo. Shokapu zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja, usifunge moja mpya na moja ya zamani eti nyingine bado haivuji. Zile mpya zisimamishwe wima, zipigwe pampu kwa mkono mara kadhaa hewa itoke kabla hazijaingia garini, maana zilisafirishwa zimelala. Shafti isishikwe kwa plaizi hata iweje: alama moja ya meno ya plaizi pale kwenye kromu ndiyo kaburi la sili. Maunti za juu zikiwa zimechoka badilisha hapo hapo, kwani umeshafungua. Na springi ikandamizwe kwa kibano chake cha kazi, mbili pande zote, siyo kwa kamba na mtu wa kukalia. Nilicheka. Mzee hakucheka. Akanionyesha kovu kwenye paji la uso.

Sasa turudi kwa staa wetu. Kaka, nakuheshimu, ngoma zako nazicheza, hata wimbo wako wa mwaka huu nimeuweka mlio wa simu. Lakini kwenye hili umemtupia mtoto wa watu msala wako. Springi ulichagua wewe. Kukataa shokapu ulikataa wewe. Zile feki ulinunua wewe, kwa mshkaji wako wewe, na mshkaji sijaona picha yake popote. Alaimenti hukwenda wewe. Fundi ana makosa mawili, mpira na bushi, na kayakubali mbele yangu bila kona kona. Wewe una manne na bado hujakubali hata moja. Dogo alichukua kwako elfu arobaini ya ufundi, tena nusu yake umelipa kwa ahadi.

Na hata kama ungekuwa na haki yote, mwenye wafuasi laki kadhaa hampigi mwenye jeki mbili kwa kutumia hao wafuasi. Ungempigia simu. Ungerudisha gari. Ungekwenda serikali ya mtaa kama imeshindikana, wazee wangekaa, mngeyamaliza kwa kahawa. Watu wa Bagamoyo wanasikiliza, hata mwenye kiburi wanamsikiliza. Sasa umekuja pwani kula bata, umemwaga oili ya shokapu na heshima ya mtu, ukaondoka.

Dogo hataki hela. Nilimuuliza mara mbili. Anataka ile picha ishuke, basi, kwa sababu mama yake anauza vitumbua karibu na stendi na kila asubuhi kuna mtu anamwonyesha simu.

Nilipokuwa naondoka Kaole nilimkuta kijana mmoja wa bodaboda kamletea dogo shokapu mbili za nyuma za pikipiki, zinavuja. Dogo alizishika, akazikandamiza, akamwambia hizi zimekwisha, usiniambie nizifunge. Jamaa akabisha, akasema wewe ziweke hivyo hivyo tu, nina abiria ananisubiri. Dogo akamrudishia mkononi. Jamaa akaondoka anang'unika, na dogo akabaki na siku ile bila senti tano.

Video bado ipo. Nimeiangalia sasa hivi kabla sijapandisha hii.